Kitu Kisichojulikana Kinaomba Kutoka

Kila asubuhi, kabla ya kufua, alikuwa anaifuta kompyuta vumbi. Alianza na skrini kwa kitambaa kikavu, akaja kwenye kibodi kwa brashi ya viatu ambayo haikuwahi kuona kiwi, akamalizia na meza. Asubuhi hiyo alikuwa amekinyanyua kipanya ili apitishe kitambaa chini yake, amekishika mkononi tumbo juu, alipoona mshale wa kwenye skrini unatembea. Ulitembea polepole, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Ukafungua faili moja, ukalifunga, ukafungua jingine. Alisubiri umalize, kisha akakirudisha kipanya mahali pake na kwenda kuloweka nguo.

Hakumwambia mtu. Hakuwa msemaji. Tangu aletwe katika nyumba hiyo alizungumza huku akitazama vidole vyake vya miguu, na baba mdogo, ambaye alipenda utani, akampa jina la Bi Harusi. Jina likamganda. Hata wateja wa mama mdogo walimwita hivyo walipotaka maji ya kunywa.

Mama mdogo alikuwa mdogo wake mama yake, tumbo moja. Alimfuata binti huyo alipokuwa darasa la tano, katikati ya muhula, kwa sababu alikuwa amejifungua na hana wa kumshikia mtoto. Alimwambia dada yake kwamba ni kwa muda tu, na kwamba mwaka mpya ukianza, binti ataandikishwa katika shule iliyo jirani na nyumba. Mtoto yule sasa alikuwa na miaka sita na alikwenda shule mwenyewe, yaani akishikwa mkono na Bi Harusi. Mwaka mpya ulikuwa umeanza mara sita.

Mwezi huo, kwenye mlango wa shule hiyohiyo, mwalimu mmoja alibandika tangazo la darasa la mchana kwa walioacha shule njiani. Darasa lilikuwa mara tatu kwa wiki, saa nane hadi saa kumi. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa ya tarehe ishirini, saa kumi kamili, na kila mtu aje mwenyewe. Bi Harusi alilisoma tangazo siku nne mfululizo. Siku ya tano aliomba fomu kwa kuinyooshea kidole. Aliijaza jikoni kwa kalamu ya mtoto, na mahali pa jina kamili alikaa sana, maana hakuwa ameliandika kwa muda mrefu. Alishapanga kila kitu. Pasi angeipiga asubuhi, vyombo angevimaliza saa saba na nusu. Kilichobaki ni kumwambia mama mdogo, na kwa hilo alikuwa anasubiri siku ambayo mama mdogo ameamka na moyo mwepesi.

Siku hiyo haikuja, kwa sababu zilianza kuja lawama za barua.

Mama mdogo alikuwa anaishi kwa kuchapa. Kompyuta ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na watu walimletea barua za maombi, kadi, mikataba ya nyumba, hotuba za kuaga wastaafu. Sasa barua zilikuwa zinatoka zimebadilika. Mwanamume mmoja aliandikiwa barua ya kuomba ruhusa ya siku tatu kazini. Iliyomfikia bosi wake ilikuwa barua ya kuacha kazi, na bosi aliijibu siku ileile kwa shukrani. Mama mmoja aliyeomba radhi kwa wakwe zake alikuta ameomba radhi kwa mambo ambayo hawakuwa wanayajua.

Fundi wa kompyuta akaitwa. Alikuwa mtu mfupi mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati. Akatazama, akasema kuna watu wanaingia kupitia mtandao na kufanya wanavyotaka, na nyumba haina cha kuwazuia. Wanahitaji ukuta wa moto. Akaeleza kwamba si ukuta na hauna moto, ni programu inayokaa mlangoni na kuamua nini kiingie na nini kitoke, na kwamba jina hilo walilipa watu ambao hawakuwahi kujenga. Kisha akatoa karatasi tatu zenye picha na kuzipanga mezani.

Familia ikakaa kuchagua. Ilikuwa Jumamosi, wote walikuwepo. Bi Harusi alileta maji kwa fundi, akasimama na trei akisubiri glasi.

Wa kwanza ulikuwa wa bure. Mwana mkubwa, aliyekuwa sekondari na mwenye michezo yake kwenye kompyuta, aliutaka huo, kwa sababu alisikia unaacha wazi milango ya michezo. Mama yake akamwambia kwamba wezi wote wameingilia kwenye milango yake hiyo, na kwamba akitaja tena mchezo atachapa barua za wateja kwa mkono.

"Huu wa bure unalipiwa na nani?" aliuliza baba mdogo.

"Na wewe," fundi alisema, "ila huambiwi lini."

Wa tatu ulikuwa wa maofisi. Ulikuwa na nguvu, lakini ulihitaji mtu wa kuukalia saa zote kama mgonjwa. Ukabaki wa katikati. Huo ulikuwa wa nyumba nzima. Mama mdogo akasema yeye anataka wa kulinda kompyuta, nyumba ina kufuli. Fundi akamuuliza kama kompyuta haimo ndani ya nyumba. Baba mdogo alilipenda jibu hilo, akasema mtu anayejibu hivyo anajua kazi yake. Basi wakachagua wa katikati, na fundi akaanza kuuweka.

Kifurushi chake kilikuwa cha wakazi wanne. Fundi aliuliza wako wangapi. Baba mdogo alikuwa anatafuta miwani, mama mdogo alikuwa anasahihisha hotuba ya mteja aliyekuwa njiani kuifuata, na mwana mkubwa alikuwa amenuna. Mama mdogo hakuinua kichwa.

"Bi Harusi, mezani unapanga sahani ngapi?"

"Nne, mama mdogo."

Lilikuwa jibu sahihi kwa swali lililoulizwa. Yeye alikula jikoni baada yao, kwenye sufuria. Fundi akasema nne ndiyo hasa, kana kwamba kifurushi kimepimwa na fundi cherehani. Akamaliza maji, akamrudishia Bi Harusi glasi, akawapiga picha mmoja mmoja kwa kamera ya kompyuta ili ukuta uwatambue. Mwanga wa dirishani ulikuwa mkali, kwa hiyo Bi Harusi alishika pazia mpaka wote wanne wakamaliza.

Kabla ya kuondoka fundi alimpa mama mdogo agizo moja. "Usichokijua, kataa."

Ukuta ulianza kazi jioni hiyohiyo. Nzi hawakuwa kwenye orodha, wakabaki nje wakigonga hewa mbele ya dirisha lililo wazi. Redio ya jirani ilikatika usawa wa kizingiti. Vumbi nalo liliacha kuingia, na Bi Harusi alipofuta meza kesho yake, kitambaa kilitoka cheupe. Jirani wa kulia alikuja kurudisha ungo, akasimama mlangoni mguu mmoja juu, na kwenye skrini kikatokea kidirisha kidogo kilichosema kwamba jirani wa kulia anaomba kuingia, ruhusu au kataa. Mama mdogo alimalizia sentensi aliyokuwa anachapa ndipo akabofya ruhusu.

"Ninyi siku hizi mnasubirisha watu kuliko hospitali," jirani alisema, akaushusha mguu.

Jumapili Bi Harusi hakuwa na safari. Jumatatu, saa moja na nusu, alimshika mkono mtoto kumpeleka shule. Mtoto akapita mlangoni. Yeye hakupita. Haikuuma, ilikuwa kama kusukuma godoro lililoegeshwa. Mikono yao ikanyooka mpaka ikaachana, na mtoto akabaki kibarazani akimsubiri.

Sebuleni kidirisha kilitokea juu ya mkataba ambao mama mdogo alikuwa anauchapa. Kilisema: kitu kisichojulikana kinaomba kutoka, ruhusu au kataa. Mama mdogo alikumbuka agizo, akabofya kataa. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha kukumbuka jibu hilo siku zote. Akakitia alama, kwa kuwa hakupenda kuulizwa jambo moja mara mbili.

Ilipita robo saa ndipo mtoto alipolia nje na mama mdogo akaja mlangoni kutazama. Alimwona Bi Harusi amesimama uso ukiwa umeegemea hewa ya mlangoni.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Ungesema."

Alirudi kujaribu kulifuta lile jibu, lakini ukuta ulikuwa umekumbuka, na ulidai nywila ya fundi. Fundi alipigiwa simu. Alikuwa safarini kwenye ofisi moja yenye kompyuta mia mbili, akasema atafika Ijumaa mchana, tarehe ishirini. Mama mdogo akamwambia Bi Harusi asijali, ni siku nne tu, na kwamba ndani kazi ni zilezile.

Nyumba iliendelea. Mwana mkubwa alimpeleka mtoto shule akilalamika kwamba wenzake watamwona. Baba mdogo alikwenda sokoni, akaleta nyanya laini, akasema hizo ndizo zilizoiva. Nguo zilianikwa kwenye kamba iliyofungwa kutoka mlango wa choo hadi kwenye pembe ya kabati, kwa sababu ua ulihesabiwa kuwa nje. Bi Harusi alipasi, akasugua, akahesabu siku. Fomu ilikaa chini ya godoro lake, na kila alipotandika aliigusa kuona kama ipo.

Jumatano aliamua jambo. Aliikunja fomu mara nne, akaitia kwenye mkoba wa mtoto pamoja na kipande cha karatasi alichomwandikia mwalimu kwamba amezuiliwa na ukuta, na kama inawezekana aandikwe hivyohivyo, atakuja. Mtoto akapita kwenye kizingiti na mkoba wake. Fomu haikupita. Ilibaki hewani usawa wa mgongo wa mtoto, ikakaa hapo kidogo, kisha ikaanguka kwenye zulia la mlangoni. Kile kipande kilianguka juu yake.

"Dada," mtoto alisema, "karatasi yako haitaki shule."

Mama mdogo ndiye aliyeiokota. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akiwa amesimama. Bi Harusi alitazama vidole vyake.

"Mwandiko wako mzuri," mama mdogo alisema hatimaye, akamrudishia. "Fundi akija tutalimaliza."

Bi Harusi aliyabeba maneno hayo siku mbili. Aliyasikia wakati anakoroga na wakati anafagia. Ijumaa alivaa gauni lenye mfuko, akaitia fomu mfukoni, na saa saba na nusu vyombo vyote vilikuwa vimekauka.

Fundi alifika saa tisa na robo. Aliomba radhi, akaketi, akaandika nywila akiwa amejifunika kwa kiwiko, na orodha ya nyumba ikafunguka. Alisema kumtambulisha si kazi. Ukuta unajua aina tatu, wachague moja tu. Kuna mkazi, lakini wakazi wameshajaa. Ili aingie wa tano itabidi kusubiri kifurushi kingine mwaka ujao, au atolewe mmoja wa wanne. Wale wanne walitazamana, wala hakuna aliyemtazama mwenzake kwa muda mrefu. Kuna mgeni. Mgeni anatoka apendavyo, ila baada ya siku kumi na nne ukuta unamsahau, na akiwa nje wakati huo harudi tena. Halafu kuna kifaa. Vifaa havina kikomo. Printa ni kifaa, jokofu ni kifaa, pasi ni kifaa. Kifaa kinaweza kupangiwa saa za kutoka, na saa zikiisha kinarudi chenyewe.

"Ni jina tu la kwenye kompyuta," alisema baba mdogo. "Hata mimi kazini naitwa namba."

"Wewe unaonaje, mwanangu?" mama mdogo aliuliza.

Neno hilo la mwisho hakuwa amelitumia kwa Bi Harusi zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili binti alikuwa na homa.

"Yoyote tu, mama mdogo."

Fundi akabofya kifaa. Mahali pa jina akaandika Biharusi, kwa kuwa ndilo alilolisikia, na orodha ikajipanga kwa herufi, akakaa juu ya jokofu. Ikaja sehemu ya saa. Mama mdogo alisema asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kwa ajili ya mtoto na soko. Fundi akaandika.

"Na mchana?" aliuliza. Kidole chake kilikuwa juu ya kibodi.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Kutoka mlangoni hadi shuleni ni mwendo wa dakika tano, kwa mtu anayekimbia ni mbili. Mama mdogo aligeuka kwenye kiti, akamtazama Bi Harusi. Alimngoja. Baadaye, kila alipolikumbuka jambo hilo, alijiambia kwamba alimngoja kweli, na ni kweli alimngoja. Baba mdogo alikohoa. Bi Harusi aliweka mkono juu ya mfuko wa gauni. Aliinamisha kichwa.

"Mchana hapana," mama mdogo alimwambia fundi. "Mchana kuna pasi."

Fundi akahifadhi. Mezani paliletwa chai, na wakaongea habari za ile ofisi ya kompyuta mia mbili. Kengele ya shule hulia saa kumi, lakini haikuwa kwenye orodha, kwa hiyo hakuna aliyeisikia.

Tangu siku hiyo hapakuwa na shida tena. Asubuhi saa moja mlango ulimwachia, saa tatu ulimvuta, popote alipokuwa, na akajifunza kununua nyanya haraka. Walikuja kugundua kwamba vifaa vyote vimewekewa utaratibu wa kuokoa umeme: kisipotumiwa kwa robo saa, kinatulia. Basi asipoitwa kwa robo saa alisimama alipo, na chochote alichokishika, mpaka mtu amguse bega au amtaje. Mwanzoni walisahau, wakamkuta amesimama na ndoo tangu asubuhi. Baadaye wakazoea. Mtoto alimgusa kila alipopita, akifikiri ni mchezo. Baba mdogo alisema wanaharusi wote husimama hivyo. Siku moja mgeni wake mmoja alitundika kofia kwenye mkono wa Bi Harusi koridoni, na alipoondoka aliichukua, akashukuru.

Barua zilitoka kama zilivyoandikwa. Wateja waliongezeka. Yule mwanamume aliyepoteza kazi alikuja kuchapiwa barua za maombi, akaruhusiwa kuingia, na barua zake kumi na moja zilifika salama zote, zikakataliwa. Fundi alileta karatasi ya kubandika mlangoni inayosema nyumba hii ni salama. Majirani wawili walikuja kuitazama na kuuliza namba yake ya simu.

Jumanne moja, saa nane kasoro, Bi Harusi alitulia jikoni akiwa na sufuria mkononi, nusu imesuguliwa. Mbele yake kulikuwa na dirisha. Watu wa darasa la mchana walikuwa wanapita, wana madaftari. Walikuwepo vijana, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na bibi mmoja aliyebeba kiti chake cha plastiki kichwani kwa sababu madawati hayakutosha. Walikuwa wanapiga soga. Alikuwa ameshawaona hivyo wiki kadhaa. Mikono haikusogea, wala shingo. Ila siku hiyo alijaribu ulimi, ukasogea. Sauti haikuwa imepangiwa chochote, kwa kuwa fundi hakujua kama ipo.

Akasema. Hakupaza, alisema kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwambia mwenziwe aliye chumba cha pili.

Sebuleni kidirisha kilitokea juu ya barua aliyokuwa anaichapa mama mdogo. Kilisema: kifaa kinatoa sauti, sikiliza au zima. Ukuta wa jikoni ni mwembamba, na alikuwa amekwisha kusikia. Alimalizia mstari. Akausoma tena, akarekebisha nukta. Kisha akaupeleka mshale kwenye zima, akauacha hapo kitambo, mkono juu ya kipanya, macho kwenye dirisha ambako wale watu walikuwa wanapita upande wake sasa, mmoja mmoja, na kiti cha plastiki nyuma yao. Wa mwisho alipopita, alibofya.

Maneno yenyewe yalikuwa haya:

"Mama mdogo, mimi sikuja kufanya kazi. Nilikuja kusoma."